Niliwaahidi watu wawili nafasi moja, sasa timu nzima inanisema

Shangazi, shikamoo.

Samahani kama nimekosea mlango, maana naona wanaokuandikia wana shida za ndoa na za wakwe. Yangu ni ya tenisi.

Nina miaka 41, mama wa watoto watatu, nina duka la pembejeo Mwanjelwa hapa Mbeya. Najua mtu akisikia tenisi anawaza mabosi waliovaa nyeupe. Sisi si mabosi. Tupo 11: walimu wanne, nesi, mhandisi wa barabara, wafanyabiashara watatu nikiwemo mimi, mzee mmoja mstaafu, na kijana wa miaka 19 ambaye alikuja pale uwanjani akiwa mtoto wa kuokota mipira. Uwanja wenyewe ni wa saruji, wa zamani, una ufa unaoanzia kwenye wavu hadi mstari wa nyuma. Mpira ukigonga ufa, aliyepata pointi anaomba radhi kwanza halafu anaichukua.

Ligi yetu ni ya kirafiki, timu nne za huku Nyanda za Juu Kusini: sisi, wenzetu wengine wa hapa hapa Mbeya, Iringa na Njombe. Tunaanza Mei mvua zikikata, tunamaliza Oktoba kabla hazijarudi. Kila mechi ina michezo mitano, miwili ya mmoja mmoja na mitatu ya wawili wawili, kwa hiyo wanatakiwa watu wanane na hakuna kucheza mara mbili. Mpangilio huo aliuleta mwenzetu aliyewahi kuishi Marekani.

Januari tulikaa kikao, nahodha wetu wa zamani alikuwa amehamishiwa Dodoma. Mwenyekiti akauliza nani atajitolea. Shangazi, watu wote wakaanza kutazama viatu vyao. Mmoja akatoka nje kupokea simu ambayo haikulia. Ukimya ule ulinitesa, nikanyoosha mkono. Walipiga makofi kwa nguvu sana, na sasa najua ni kwa nini.

Kila Jumatatu naandika kwenye kundi: "Nani yupo Jumamosi?" Wanasoma watu tisa, wanajibu wawili. Mmoja kati ya hao wawili huandika "tupo pamoja nahodha", na mpaka leo sijui kama maana yake anakuja au ananiombea. Alhamisi naanza kupiga simu mmoja mmoja. Ijumaa usiku bado sina wanane. Jumamosi wanakuja kumi, wawili wanakaa nje wamenuna. Juu ya hapo ni mimi ninayenunua mipira, ninayetafuta gari, ninayepika chai ya wageni, ninayetuma matokeo. Tangu Mei nimetoa mfukoni kwangu shilingi 340,000: mipira, mafuta, maji, nauli ya kijana mara mbili. Sijamwambia mtu. Mume wangu alilikuta daftari nililoandika, akauliza swali moja tu: "Hiyo kazi wanakulipa shilingi ngapi?"

Sasa lililonifanya niandike. Mzee wetu ana miaka 67. Wengi wetu ndiye aliyetufundisha kushika raketi, na miaka ile uwanja ulipozungukwa na majani hadi kiunoni, ni yeye aliyekuja na jembe. Tangu nimjue anacheza mmoja mmoja, nambari moja. Mwaka huu amecheza mara tatu, amefungwa zote, ya mwisho 6-1, 6-0. Anasema mipira ninayonunua ni mibovu, inaruka nje. Kijana wa miaka 19 kwa sasa hakuna anayemweza pale kwetu, ingawa wapo wanaonung'unika kwamba anacheza bila kuchangia.

Wiki moja kabla ya safari ya Iringa, mzee aliniuliza kama nafasi yake ipo. Nikasema ipo, mzee wangu, usiwe na wasiwasi. Siku mbili baadaye kijana akaniuliza kwa aibu kama atacheza nambari moja, nikamwambia na yeye hivyo hivyo. Nilifikiri tukifika mambo yatajipanga.

Hayakujipanga. Jumamosi saa mbili asubuhi niliyasoma majina pale pale uwanjani, wenyeji wakisikia. Kijana nambari moja. Mzee nilimweka pea ya tatu. Hakusema neno. Alifunga zipu ya mfuko wa raketi taratibu, akachukua bajaji hadi Ipogolo kwenye barabara kuu, akadandia basi linalotoka Dar kuja Mbeya. Pea ya tatu tukaiachia bila kucheza, na mwenzake, mwalimu wa watu, akakaa benchi kutwa nzima baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 300. Tukafungwa michezo mitatu kwa miwili. Usiku ule mmoja akaandika kwenye kundi: "Timu imekuwa ya mtu binafsi." Wanne wakafuatia na vidole gumba. Hao hao ambao Jumatatu hawajibu!

Mzee hajakanyaga uwanjani wiki ya tatu sasa. Nikikutana naye sokoni nikamwamkia, anaitikia marahaba kavu, anapita. Zimebaki mechi mbili, Iringa wanakuja kwetu, halafu sisi tunakwenda Njombe. Ujumbe wa kujiuzulu nimeshauandika, uko kwenye simu, bado sijautuma. Niutume? Na nisipoutuma, mzee nimfanyeje?

Ndaga fijo, asante sana.

Nahodha wa kujitolea, Mbeya

* * *

Marahaba mwanangu, na kamwene kutoka Iringa. Mlango hujakosea. Shida ya mkwe na shida ya nahodha ni ndugu wa tumbo moja, tofauti ni kwamba mkwe huwezi kumwandikia ujumbe wa kujiuzulu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimkasirikia mzee. Mara ya pili nikawakasirikia wale wa vidole gumba, na hao bado sijawasamehe. Mara ya tatu nikaikuta sentensi moja umeipitisha haraka haraka, kama mtu anayepitisha kuku chini ya kanga: "nikamwambia na yeye hivyo hivyo". Hapo nikaweka miwani chini.

Mzee hakuondoka Iringa kwa sababu ya pea ya tatu. Aliondoka kwa sababu wiki nzima alijua anacheza nambari moja, alilala gesti akijua hivyo, pengine alimwambia na mkewe, halafu akaisikia habari tofauti mbele ya wageni. Na kijana naye, hata kama alicheza, amejifunza kwamba neno la nahodha wake lina thamani gani. Umewapoteza wawili kwa "ndiyo" mbili ulizozitoa ili usione sura iliyokunjamana. Nakuelewa. Ulinyoosha mkono kikaoni kwa sababu ukimya ulikutesa, ukamwitikia mzee kwa sababu macho yake yalikutesa. Ni ugonjwa ule ule, na unawapata watu wema tu. Watu wabaya hawana shida ya kusema hapana.

Sasa mimi raketi nimeshika mara mbili maishani. Nilikuwa nahodha wa netiboli shuleni, mambo ya zamani hayo. Kwa hiyo nilimpigia mpwa wangu aliye Marekani, anayecheza ligi za watu wa kawaida huko, zile za chama chao cha tenisi, USTA. Akanieleza kwa saa nzima. Kumbe huko nako manahodha ni watu wa kujitolea, hawalipwi senti, na nao wanalalamika kwamba ujumbe unasomwa haujibiwi. Wachezaji wanapangwa kwa viwango vya namba, kuanzia 1.0 hadi 7.0, vinapanda nusu nusu, ili fundi asikutane na anayejifunza. Na kabla ya mechi, nahodha wa huku na nahodha wa kule wanabadilishana karatasi za majina kwa wakati mmoja, ili hakuna atakayechungulia ya mwenzake na kugeuza yake.

Hapo nikamkatiza. Nikamuuliza: na wachezaji wa timu yenyewe, wanayajua lini majina? Akacheka. Akasema, "Shangazi, sisi tunayajua siku kadhaa kabla, tungepangaje likizo na watoto?" Umeona? Siri ya karatasi ni kwa wapinzani. Wewe ukawafichia watu wako, ukawasomea pamoja na wapinzani.

Kwa hiyo kuanzia mechi ijayo majina yanatoka Alhamisi usiku, kwenye kundi, yote kwa pamoja, nambari moja hadi pea ya tatu na wa akiba. Atakayenuna anune Ijumaa akiwa nyumbani kwake, Jumamosi atakuwa amepoa. Na ili yatoke Alhamisi, majibu yafungwe Jumatano saa mbili usiku. Asiyejibu hayupo. Usimpigie! Najua mkono utawasha. Mpwa wangu ananiambia kwenye tenisi isiyo na mwamuzi kila mmoja anahukumu upande wake, na ukiwa na shaka kama mpira umetoka, unahesabu umeingia, faida anapewa mwenzako. Sheria nzuri sana ya uwanjani. Kwenye kundi la simu igeuze: mwenye shaka hajaingia. Na yule wa "tupo pamoja nahodha" mwambie mapema kwamba hiyo siku hizi inahesabika kama hayupo. Utaona atakavyojifunza kuandika "ndiyo".

Jumamosi ya kwanza unaweza kukosa watu. Mtacheza mkiwa sita, pea ya tatu mtaiachia, mtafungwa. Acha mfungwe. Wewe umekuwa ukiziba kila tundu kwa simu zako za Alhamisi, ndiyo maana hakuna anayejua kwamba mtumbwi unavuja.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo nilipokuonea huruma na pia kukukasirikia. Shilingi 340,000, na "sijamwambia mtu". Mwanangu, unawadai watu deni ambalo hawajui kwamba wanadaiwa. Halafu unawatazama wakinywa maji uliyonunua na kifua kinakuchoma, na wao wanaona nahodha ana sura mbaya leo, sijui kagombana na mumewe. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu mwaka wa saba huu. Siku nikimlipia mtu hisa kwa siri ili asiaibike, siku hiyo hiyo ninaanza kumchukia. Nimejaribu, najua.

Daftari unalo, na hilo limeniambia kwamba moyoni ulikuwa unadai tangu mwanzo. Anayetoa zawadi haandiki. Lipeleke kikaoni, lisome mstari kwa mstari, bila machozi na bila maneno ya pembeni. Halafu chagua: ama mnalipana kidogo kidogo hadi Oktoba, ama unasema mbele yao kwamba hii nimewapa, na kuanzia leo sitoi tena. Ukisema umewapa, basi umewapa, usije ukaikumbushia Njombe baridi ikikupiga.

Na kazi zigawe. Wewe umekaa kwenye kamati ngapi za harusi? Mwenyekiti wa kamati anapika pilau? Anaendesha gari la bibi harusi? Ana mtu wa chakula, mtu wa usafiri, mtu wa kufuatilia ahadi, yeye kazi yake ni kuuliza kila wiki "imefikia wapi". Sisi Watanzania tunaweza kuchangishana mamilioni kwa harusi ya mtu tuliyemwona mara mbili, tushindwe kugawana makopo ya mipira? Mhandisi wa barabara apewe usafiri, anaijua barabara ya Makambako kuliko sisi sote. Chai ya wageni iwe zamu. Usiombe nani atajitolea, umeshaona viatu vinavyotazamwa. Mfuate mtu, mtaje jina, mpe kazi moja, mwambie mwisho wake lini.

Kuna jambo la kijana, nalo umelipitia juu juu. Wapo wanaonung'unika kwamba anacheza bila kuchangia. Waulize hao: alipokuwa anakimbilia mipira yenu juani mlimpa ngapi kwa siku? Leo anawashindia michezo, mnaona uzito kumlipia nauli ya Njombe? Mtoto aliyejifunza mchezo kwa kuutazama kupitia waya wa uzio, akawapita nyote, hiyo ni fahari ya kiwanja chenu, na nyinyi mnahesabu maji anayokunywa. Ila na wewe usimlipie kwa siri, maana kwa siri inakuwa hisani, na yeye atajiona anadaiwa na nahodha, wenzake nao watasema ana mama yake. Iwe kanuni ya timu, isiyo na jina la mtu: mchezaji ambaye hana kipato analipiwa safari na mfuko wa timu. Basi. Mwakani akija mwanafunzi mwingine inamhusu na yeye.

Haya, mzee.

Usimwandikie. Usimpigie. Usimsubiri sokoni kati ya mafungu ya ndizi. Nenda kwake, jioni, na usiende peke yako: mchukue mtu mzima mmoja ambaye mzee anamheshimu na ambaye hakuweka kidole gumba. Ukifika, shikamoo, habari za nyumbani, miguu inaendeleaje, chai ikija kunywa. Halafu mwambie kosa lako jinsi lilivyo: "Mzee wangu, nilikuahidi nafasi, na nilimwahidi na mwingine nafasi hiyo hiyo, halafu nikakusomea mbele ya watu. Nilikosea, naomba unisamehe." Ishia hapo. Usiseme "lakini". Usiombe radhi kwa kumpanga kijana nambari moja, maana hilo si kosa. Ukichanganya, atatoka hapo akidhani amerudishiwa nafasi, na utakuwa umeahidi tena mara ya tatu.

Atanyamaza. Wazee wetu wa huku wananyamaza sana. Usiujaze ule ukimya! Huo ndio mtihani wako, si wa mzee.

Akikuuliza atacheza wapi, uwe na jibu ulilolifikiria, na hapa nimepata msaada wa mpwa wangu tena. Mchezo wa mmoja mmoja una uwanja wenye upana wa mita 8.23, wote wa kwako. Wa wawili wawili uwanja unapanuka hadi mita 10.97, lakini mko wawili, kila mmoja analinda kama mita tano na nusu. Mtu wa miaka 67 mwenye mkono mzuri na jicho la zamani, mwekee pembeni yake mtu mwenye miguu, anakuwa balaa pale karibu na wavu. Kwa hiyo mzee mpange pea ya kwanza. Si ya tatu, ile ilikuwa kumtupa. Na mwenzake achague mwenyewe kati ya wawili utakaomtajia. Akishinda seti moja tu dhidi ya hao wa Iringa utaona kama miguu itamkumbusha tena mambo ya nambari moja.

Akisema yeye ni mmoja mmoja au hachezi kabisa, mjibu kwa adabu kwamba nafasi ya nambari moja inagombewa uwanjani. Jumatano yoyote, anayeitaka na aliyenayo wacheze seti moja, atakayeshinda ndiye. Iwe hivyo kwa kila mtu, hata kwako. Sidhani kama ataitaka hiyo Jumatano. Anajua kilichotokea kwenye ile 6-1, 6-0 kuliko wewe unavyojua.

Mpwa wangu alikuwa na wazo jingine. Aliniambia kwenye Davis Cup, ile ya mataifa iliyoanza mwaka 1900 Marekani ilipowakaribisha Waingereza, nahodha anakaa kwenye kiti pembeni ya uwanja na anaruhusiwa kumwambia mchezaji wake neno wakati wa kubadilisha upande, na mara nyingi yeye mwenyewe hachezi. Mpeni mzee kiti hicho, akasema. Nimelikataa kwa sasa. Mzee ambaye hajakata tamaa ya kucheza, ukimpa kiti cha heshima, anajua kabisa unamzika. Kiti asubiri akiombe mwenyewe.

Lakini kuna kazi moja ya kweli unayoweza kumpa leo, na si ya kumbembeleza. Alisema mipira inaruka nje, wewe ukaona ni visingizio. Mwanangu, mzee alikuwa na hoja. Mbeya iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira haupati kizuizi, unakwenda mbali na unaruka juu. Hata sheria za tenisi za dunia zinalijua hilo: sehemu iliyo juu ya mita 1,219 kuna aina za mipira zilizoruhusiwa kwa ajili yake. Sasa wewe ulikuwa unanunua kopo la bei nafuu lililo karibu, leo aina hii, kesho ile, na mtu anayepiga kwa mazoea ya miaka 30 ndiye wa kwanza kuona tofauti. Kijana anarekebisha mkono dakika tano. Mzee anahitaji mwezi.

Basi mkabidhi mzee mipira. Achague aina moja, itumike msimu mzima, mazoezini na kwenye mechi. Na umwulize kuhusu ile isiyo na presha ndani. Ile ya presha ukifungua kopo inaanza kulegea wiki chache tu, unanunua tena. Isiyo na presha inadunda kwa nguvu ya mpira wenyewe, ni mizito kidogo mkononi, wengine hawaipendi, ila inadumu. Kwa mazoezi itawapunguzia gharama sana, ya presha muiweke kwa mechi. Pesa atoe mweka hazina wa timu, si wewe. Ikiruka nje tena atajilaumu mwenyewe.

Kuhusu ujumbe ulio kwenye simu yako. Ufute. Simaanishi uendelee milele. Ujumbe wa kujiuzulu ulioandikwa usiku, baada ya kufungwa, una maneno ambayo utakutana nayo Mwanjelwa miaka kumi ijayo, mteja akija kununua mbolea. Kwenye kikao kile kile utakaposoma daftari, waambie kwa mdomo: unahodha wangu unaisha mechi ya Njombe ikiisha, mrithi achaguliwe kabla hatujapanda gari, na safari hiyo apange yeye mimi nikimsaidia. Wakitazama viatu, watazame. Wewe safari hii mkono uukalie.

Kama baada ya kugawa kazi, na mzee akarudi, na majibu yakaja Jumatano, ukaona kumbe unaipenda, hilo ni lako, usinilaumu mimi wala usiniandikie. Inawezekana. Mimi netiboli nilitaka kuacha unahodha kila muhula.

Yule aliyeandika "timu ya mtu binafsi" usimjibu kwenye kundi. Mpe kazi ya kukusanya majibu ya Jumatatu hadi Jumatano, mwezi mmoja.

Na mumeo. Swali lake ulilichukua kama kejeli, nimeliona kwenye mwandiko wako. Mimi sina uhakika. Mtu anayeona mkewe anatoka kila Jumamosi na kopo la mipira, anarudi jioni amenuna, na hela zinapungua, angeuliza nini? Umewahi kumwalika hata siku moja? Iringa watakapokuja, mwambie aje, abebe ile ndoo ya maji, akae upande wenye kivuli amwone mzee kwenye wavu. Nami huenda nikapanda basi na hao wa kwetu siku hiyo, wana nafasi moja kwenye gari. Nikija nitashangilia Iringa, ujue kabisa.

Shangazi